Ualimu Baada ya Shahada: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila msimu wa maombi unapofunguliwa, maswali huwa yaleyale: vyeti, ada, mazoezi, kazi. Mimi ni mkufunzi wa walimu, na sehemu kubwa ya kazi yangu nimeifanya nikiwa nimekaa nyuma ya darasa, daftari mapajani, nikimtazama mtu mwenye shahada nzuri akijaribu kwa mara ya kwanza kuwaeleza watoto jambo analolijua yeye na wasilolijua wao. Majibu haya yametoka kwenye kiti hicho cha nyuma. Taratibu hutofautiana nchi na nchi, wakati mwingine hata chuo na chuo. Pale nilipotaja nchi fulani, nimeitaja ili uone upana wa mambo. Kanuni zinazokuhusu zitafute kwenye chuo chako na kwa mamlaka inayosajili walimu unakotaka kufundisha.

Mafunzo haya ni yapi hasa?

Ni mafunzo ya ualimu kwa mtu ambaye tayari ana shahada ya kwanza ya fani nyingine: hisabati, fasihi, kemia, historia, uhandisi, uchumi. Chuo hakirudii kukufundisha somo lako. Kinakufundisha namna ya kulifundisha, namna watoto na vijana wanavyojifunza, namna ya kupima walichojifunza, kisha kinakupeleka shuleni ukafanye hayo yote mbele ya mtu anayekutazama.

Majina ni mengi. Kwingine huitwa stashahada ya uzamili ya elimu, kwingine cheti cha uzamili, kwingine ni shahada ya umahiri kamili. Uingereza watu huzungumzia PGCE (cheti cha uzamili cha elimu), na Scotland husema PGDE (stashahada ya elimu kwa wenye shahada). Ujerumani, mwalimu akishamaliza chuo kikuu hupitia kipindi cha kujifunzia kazi shuleni ambacho huchukua kati ya miezi 12 na 24 kulingana na jimbo. Finland wamechagua njia tofauti: mwalimu wa madarasa ya chini husoma ualimu tangu mwanzo hadi umahiri, takriban miaka mitano.

Je, nikimaliza nitakuwa nimeruhusiwa kufundisha?

Usidhani hivyo mpaka umeuliza. Cheti cha chuo na idhini ya kufundisha ni vitu viwili, hata pale vinapotolewa kwa mpigo. England ni mfano mzuri: PGCE ni tuzo ya kitaaluma inayotoka chuoni, lakini hadhi ya mwalimu aliyehitimu ni jambo linalotolewa peke yake, na kuna watu wenye kimoja wasio na kingine. Kwa hiyo swali la kuuliza chuo, tena kwa maandishi, ni hili: hati nitakayotoka nayo inatambuliwa na mamlaka inayosajili walimu, na kwa ngazi ipi ya shule? Kuna programu nzuri kabisa za elimu kwa ajili ya watafiti, watunga sera na wasimamizi ambazo hazimfanyi mtu kuwa mwalimu. Jina la programu halitakuambia tofauti hiyo.

Somo langu nalijua vizuri. Kwa nini nisiingie tu darasani?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, na wanaouliza mara nyingi ni watu waliofaulu sana.

Mwanasosholojia Dan Lortie alieleza mwaka 1975 kwamba mtu anapomaliza shule ameshakaa mbele ya walimu kwa takriban saa 13,000. Hakuna taaluma nyingine ambayo mtu huitazama kwa muda huo wote kabla ya kuisomea. Ndiyo maana ualimu unaonekana mwepesi. Lakini mwanafunzi huona nusu tu ya kazi. Humwona mwalimu akiuliza swali. Haoni kwa nini amechagua swali hilo na kuacha mengine matatu, wala kwa nini amemwuliza Fulani wa kona ya nyuma badala ya yule aliyenyoosha mkono.

Mwaka 1986 mtafiti wa elimu Lee Shulman alilipa jambo hili sura iliyobaki hadi leo: kati ya kulijua somo na kujua mbinu za kufundisha kwa ujumla kuna ujuzi wa tatu, wa kulijua somo kwa namna inayolifanya lifundishike. Mfano mmoja utatosha. Mtoto anajumlisha nusu na theluthi, anaandika 2/5. Mwanahisabati anajua ni kosa. Mwalimu anajua kosa limetoka wapi (mtoto amejumlisha vilivyo juu, kisha vilivyo chini, kana kwamba sehemu ni namba mbili zilizobebana) na anajua asianze kwa kumfundisha kanuni upya. Atamwuliza: "Hivi 2/5 ni kubwa kuliko nusu, au ni ndogo?" Mtoto akinyamaza kidogo ataona mwenyewe kwamba ameanza na nusu, ameongeza kitu, akaishia na kidogo zaidi ya alichoanza nacho. Swali hilo halimo kwenye shahada ya hisabati, na kulipata peke yako kwa kubahatisha huku watoto wa watu wakisubiri ni gharama kubwa, nao ndio watakaoilipa.

Shahada yangu haifanani na somo lolote la shule. Nitakubaliwa?

Inategemea kilichomo ndani ya shahada kuliko jina lililoandikwa juu yake. Vyuo vingi husoma nakala ya matokeo yako kozi kwa kozi na kuhesabu ni kiasi gani cha somo la kufundishia umekisoma. Mhandisi mara nyingi hupita kwa hisabati au fizikia. Mtu wa uchumi huweza kupita kwa biashara, na kwa hisabati iwapo aliisoma ya kutosha. Wenye sheria, uuguzi au mawasiliano hupata ugumu zaidi, ingawa baadhi ya vyuo hutoa kozi za kujazia pengo kabla ya mafunzo kuanza.

Angalia pia kama unatakiwa kuwa na masomo mawili ya kufundishia. Ujerumani hilo ni jambo la kawaida, na Kenya mwalimu wa sekondari hutakiwa kuwa na masomo mawili. Mtu aliyezama kwenye somo moja tu anaweza kukwama hapo hata kama alama zake zinang'aa.

Tuma nakala ya matokeo kwa ofisi ya udahili na uombe jibu kabla ya kulipa ada ya maombi. Jibu la simu haliweki kumbukumbu. Taka barua pepe.

Nyaraka gani zinahitajika?

Kwa kawaida ni cheti cha shahada, nakala ya matokeo, vyeti vya shule, kitambulisho au pasipoti, barua za wadhamini wawili, maelezo binafsi, na uthibitisho kwamba huna rekodi ya uhalifu, kwa kuwa utafanya kazi na watoto. Kama lugha ya kufundishia si yako ya kwanza, huenda ukatakiwa kuleta matokeo ya mtihani wa lugha. Aliyesoma nje ya nchi huhitaji pia barua ya ulinganifu wa shahada, yaani uthibitisho kwamba shahada yake inalingana na ya nchini.

Zianze zile zinazochelewa: uthibitisho wa polisi, ulinganifu wa shahada, na nakala ya matokeo kutoka chuo ulichomaliza zamani. Halafu linganisha majina. Jina lililopungua herufi moja kati ya cheti cha shule na cha chuo, au jina lililobadilika baada ya ndoa, limewachelewesha watu wengi kuliko alama mbaya. Hati ya kiapo iandaliwe mapema.

Maelezo binafsi niyaandikeje?

Nimesoma mamia yaliyoanza kwa "Tangu utotoni nilipenda kuwa mwalimu." Huenda ni kweli, lakini msomaji hajifunzi kitu chochote kukuhusu. Nenda shuleni. Omba ruhusa ukae darasani siku mbili tatu kabla ya kuandika, kisha uandike ulichokiona kipindi kimoja: mwalimu alifanya nini, watoto wakaitikiaje, ungefanya nini tofauti na kwa nini. Mwombaji mmoja aliandika aya nzima kuhusu msichana aliyekuwa akinakili jibu la mwenzake, akafuta, akanakili tena, na namna mwalimu alivyopita mara mbili bila kuona. Hakumlaumu mwalimu yule. Alijiuliza angesimama wapi darasani ili aone. Sikuhitaji kuambiwa kwamba anapenda ualimu.

Barua za wadhamini ziandikwe na mtu aliyekuona ukifanya kazi. Profesa maarufu asiyekukumbuka hataweza kukusaidia.

Usaili unakuwaje?

Mara nyingi kuna mazungumzo, jaribio fupi la maandishi au la somo lako, na somo dogo la dakika 10 hivi mbele ya jopo au kundi la waombaji wenzako. Wengi huharibu hapo kwenye somo dogo kwa kuzungumza dakika zote 10. Chagua jambo dogo, dogo kuliko unavyodhani linafaa. Waachie wasikilizaji kazi ya kufanya, waulize, sikiliza wanachojibu, na jibu lao libadilishe neno lako linalofuata. Jopo halitafuti mwalimu aliyekamilika. Kama angekuwa amekamilika asingekuja kwetu. Linatazama kama unaweza kuelekezwa. Ndiyo maana baada ya somo dogo utaulizwa, "Ungelirudia, ungebadilisha nini?" Anayesema "hakuna" anatutia wasiwasi kuliko aliyekosea.

Huchukua muda gani, na ninaweza kusoma huku nafanya kazi?

Mwaka mmoja wa kutwa ndio mpangilio ulioenea zaidi kwa stashahada na vyeti vya uzamili; kwa wanaosoma kwa muda huwa miaka miwili. Pale mafunzo yanapotolewa kama shahada ya umahiri, miaka miwili ni kawaida.

Kuhusu kufanya kazi: mihadhara ya jioni na ya mwisho wa wiki ipo, na nadharia unaweza kuimudu ukiwa kazini. Kinachovunja mipango ni mazoezi ya kufundisha. Shule hufunguliwa mchana, siku za kazi. Kuna wiki kadhaa ambapo lazima uwe shuleni asubuhi hadi jioni, na jioni hiyohiyo unaandaa vipindi vya kesho. Kama mwajiri wako hawezi kukupa likizo ya wiki hizo, usijiandikishe ukitumaini kwamba jambo litajipanga. Kwanza pata jibu la mwajiri.

Mazoezi ya kufundisha yanaendeshwaje?

Hapa ndipo ningependa usome polepole, kwa sababu kama kuna kigezo kimoja cha kuchagulia chuo, ni hiki. Majengo, umaarufu na tovuti nzuri havitakaa na wewe nyuma ya darasa.

Kwanza, muda. England, kozi ya uzamili ya ualimu hutakiwa kuwa na miezi kadhaa shuleni, tena katika shule zisizopungua mbili. Australia kiwango cha chini kwa programu za uzamili ni siku 60 za mazoezi yanayosimamiwa. Kwingine utakuta wiki sita hadi nane kwa mkupuo. Namba hizi ziulize, kisha uliza swali la pili ambalo watu husahau: kati ya siku hizo, ni vipindi vingapi nitafundisha mwenyewe, na vingapi vitatazamwa na mtu atakayenirudishia maoni? Siku 60 za kukaa chumba cha walimu ukisahihisha madaftari ya wengine si mazoezi.

Pili, hatua. Programu iliyopangwa vizuri haikutupi majini siku ya kwanza. Huanza chuoni kwa masomo madogo, utaratibu ulioanzia Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1963 chini ya Dwight Allen na wenzake: unafundisha dakika tano hadi kumi kwa kundi dogo, unarekodiwa au kutazamwa, unapewa maoni, unafundisha tena. Kisha unakwenda shuleni kutazama. Halafu unafundisha sehemu ya kipindi huku mwenye darasa yupo, halafu kipindi kizima, halafu mzigo wa vipindi kadhaa kwa wiki. Hatua zikirukwa, mwalimu tarajali hujifunza kuokoa siku, na mazoea ya kuokoa siku ni magumu kuyaondoa baadaye.

Tatu, watu. Utakuwa na mwalimu mlezi, yaani mwenye darasa anayekuongoza kila siku, na mtathmini kutoka chuoni anayekuja kwa nyakati. Mwalimu mlezi ndiye mwenye uzito zaidi. Uliza chuo: walimu walezi wanachaguliwaje, wanafundishwa kazi hiyo, wanapunguziwa vipindi ili wapate nafasi ya kukaa na mimi? Chuo ambacho hakiwezi kujibu swali hilo kimekuambia jambo kubwa.

Nne, maandalizi. Utaandika azimio la kazi, yaani mpango wa mada zote za kipindi chote cha mazoezi, na andalio la somo, yaani mpango wa kipindi kimoja, kwa kila kipindi. Mwanzoni andalio moja huchukua saa mbili au tatu, na utaona haiwezekani. Mwezi wa pili litashuka hadi saa moja. Usijilinganishe na mwalimu mwenye miaka 20 anayeingia na chaki peke yake. Andalio lake lipo, limehamia kichwani.

Nikupe jambo moja la kufanyia mazoezi tangu sasa. Mtafiti wa elimu ya sayansi Mary Budd Rowe alipochunguza madarasa, akaeleza mwaka 1974, aligundua kwamba walimu wakishauliza swali husubiri takriban sekunde moja tu kabla ya kumwita mtu, kurudia swali au kulijibu wenyewe. Walipofundishwa kusubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka, wengi zaidi wakajitokeza, na waliokuwa wakisema "sijui" wakapungua. Sekunde tatu ukiwa mbele ya darasa ni ndefu mno. Utahisi kipindi kimekufa. Mwalimu tarajali mmoja niliyemsimamia alikuwa akihesabu kwa vidole nyuma ya mgongo wake. Kutoka kwenye kiti changu niliviona vidole vile, na niliona pia mkono wa mvulana ambaye kwa wiki mbili hakuwa ameunyoosha.

Nikishindwa kulituliza darasa?

Kuna siku utashindwa. Kila mtu ameshindwa, na mtathmini mwenye akili hatakunyima alama kwa sababu darasa lilipiga kelele. Atatazama ulifanya nini baada ya hapo.

Kelele nyingi za darasani huzaliwa kwenye nafasi tupu: mwalimu anaandika ubaoni amewapa watoto mgongo, vitabu havijagawiwa, maelekezo yametolewa matatu kwa pamoja na hakuna anayejua aanze na lipi. Toa elekezo moja. Simama mahali unapoona nyuso zote. Subiri kimya ndipo uanze kusema. Jifunze majina, wiki ya kwanza chora ramani ya viti na uiweke mezani, maana "wewe wa shati la nje" haimfikii mtu kama jina lake linavyomfikia. Usitishie adhabu usiyoweza kuitimiza. Jambo linalozidi hayo, kama ukorofi wa kudumu, mtoto anayeonekana kuumizwa nyumbani au vitisho, si la kulibeba peke yako. Lipeleke kwa mwalimu mlezi siku hiyohiyo.

Gharama nje ya ada ni zipi?

Watu hupiga hesabu ya ada wakasahau kwamba mazoezi kwa kawaida hayalipwi. Weka kwenye bajeti nauli ya kila siku, makazi ikiwa shule uliyopangiwa iko mbali, uchapishaji na vifaa vya zana za kufundishia, mavazi ya kikazi, ada ya kusajiliwa, na miezi ya kusubiri mshahara wa kwanza baada ya kuhitimu. Hii ya mwisho ndiyo inayouma.

Upande wa msaada, nchi nyingi hutoa ruzuku au ufadhili kwa masomo yenye upungufu wa walimu, mara kwa mara fizikia na hisabati. Zipo pia njia za kuajiriwa na shule ukisoma huku unalipwa. Ukipewa ufadhili, soma masharti yake hadi mstari wa mwisho: wafadhili wengi hudai ufundishe miaka kadhaa mahali utakapopangiwa, na ukiondoka mapema unarudisha fedha. Masharti hayo si mabaya. Ila yafahamike kabla ya kutia sahihi.

Naweza kusoma yote mtandaoni?

Nadharia, ndiyo. Mazoezi, hapana; na programu inayokuahidi ualimu bila kukanyaga darasa lenye wanafunzi iogope. Ukichagua ya mtandaoni, uliza nani anatafuta shule ya mazoezi, wewe au chuo, na kama mamlaka ya usajili inaikubali.

Kazi ni nzito kiasi gani?

Ni mwaka mzito. Sitaki kulipunguza hilo, kwa sababu wanaoingia wakidhani ni mwaka wa kupumzika baada ya shahada ndio wanaoondoka katikati. Wiki za tatu hadi za tano za mazoezi huwa ngumu kuliko zote: hamasa ya mwanzo imekwisha na mazoea bado hayajaja. Usingizi hupungua, sauti hukauka, na kosa la asubuhi hukufuata hadi kitandani.

Yapo mambo yanayosaidia kweli. Andaa pamoja na mwenzako wa somo lako, mgawane vipindi kisha kila mmoja arekebishe kwa darasa lake. Weka saa ya kuacha kazi usiku, andalio liwe limekamilika au la. Kunywa maji na usipaze sauti kuliko inavyohitajika. Na ukiona unaamka kila siku ukiogopa, mwambie mkufunzi wako mapema, wakati bado kuna la kupanga upya. Nimewahi kupokea barua ya kujitoa kutoka kwa mtu aliyekuwa akifundisha vizuri kabisa na hakuwa amemwambia yeyote kwamba amechoka. Sisi tuliomtathmini tulikuwa tumemsifu kwenye fomu tu. Hakuna aliyemwita akamwambia kwa mdomo. Tangu hapo maoni mazuri nayatamka.

Nikifeli mazoezi, ndiyo mwisho?

Mara nyingi hapana. Vyuo vingi huruhusu kurudia mazoezi mara moja, kwa kawaida katika shule nyingine, na baadhi huongeza wiki badala ya kukurudisha mwanzo. Soma kanuni za tathmini kabla ya kuanza: vipindi vingapi hutathminiwa, kwa fomu ipi, nani anaamua, na rufaa inakatwaje. Ukitofautiana na mwalimu mlezi, zungumza na chuo wakati mazoezi yanaendelea. Malalamiko yanayokuja baada ya matokeo husikika kwa shida, hata yakiwa ya haki.

Kuna pia wanaogundua katikati kwamba darasa si mahali pao. Kugundua hivyo kwa wiki nane ni bora kuliko kukaa miaka 30 mbele ya watoto ukiwa huna moyo nao, na nimewasaidia watu wa namna hiyo kuondoka kwa heshima zote.

Kazi zipo? Na ninaweza kufundisha nchi nyingine?

Kwa hesabu za dunia, walimu hawatoshi. UNESCO ilikadiria mwaka 2023 kwamba walimu milioni 44 zaidi wa msingi na sekondari watahitajika kufikia mwaka 2030, na takriban milioni 15 kati yao ni wa Afrika kusini mwa Sahara. Lakini uhitaji wa walimu na nafasi za ajira si kitu kimoja. Shule inaweza kuwa na darasa la watoto 90 na serikali isiwe na fungu la kuajiri. Kwa hiyo tazama nafasi zinazotangazwa kwa somo lako na kwa eneo unaloweza kuishi, wala usitazame takwimu kubwa peke yake.

Baada ya kuhitimu, sehemu nyingi zina kipindi cha majaribio au uangalizi kabla ya usajili kamili. Scotland, kwa mfano, aliyehitimu huko na kutimiza masharti huhakikishiwa nafasi ya mwaka mmoja wa kuanzia kazi shuleni akiwa chini ya uangalizi. Uliza kama nchi yako ina utaratibu wowote wa kumshika mkono mwalimu mpya, maana mwaka wa kwanza wa kazi ni mgumu kuliko mazoezi: kiti cha nyuma hakina mtu.

Kuhusu kuvuka mipaka, usajili hauvuki pamoja nawe. Marekani hata kila jimbo lina leseni zake. Tunza maandalio yako machache mazuri, fomu za tathmini, na maelezo rasmi ya kozi ulizosoma pamoja na idadi ya siku za mazoezi. Mamlaka za nje huuliza hayo hasa, na kuyatafuta miaka kumi baadaye ni kazi.

Nina miaka 40 na kitu. Nimechelewa?

Hapana, isipokuwa kama ajira ya serikali unakotaka kufundisha ina ukomo wa umri, hilo lihakikishe. Waliotoka maabara, benki au viwandani huleta mifano ambayo vijana hawana. Changamoto yao ni moja: wamezoea kuwa wajuzi, na sasa watasahihishwa na mwalimu mlezi mwenye miaka 28.

Nifanye nini miezi iliyobaki kabla ya kuanza?

Pata mtaala na muhtasari wa somo lako wa madarasa utakayofundisha, usome wote. Utashangaa ni mambo mangapi umeyasahau kwa sababu uliyapita ukielekea juu. Fanya mitihani mitano ya miaka iliyopita kwa kalamu na saa. Kisha chukua mada moja, umtafute mtoto mmoja wa umri huo, jirani au mdogo wako, umfundishe dakika 20. Ukimaliza usimwulize "Umeelewa?" kwa kuwa atasema ndiyo. Mpe karatasi, mwambie akueleze wewe, na uandike kila neno analosema.